Gari la Moshi la Njia ya Sib

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, tulimzika jirani yangu wa Matrah, hapa Omani, fundi cherehani aliyekuja hapa na mkewe kutoka Unguja baada ya Mapinduzi. Wasomaji walioshonewa kanzu naye watamkumbuka kwa utani wake. Mimi namkumbuka kwa safari moja ya Alkhamisi na Ijumaa.

Mkewe, tangu kufika, hakuvuka kizingiti. Hakuwa mgonjwa, alisema tu hana anakokwenda wala amjuaye. Mwaka wa tatu chakula kikaanza kumshinda, akakonda hata mumewe akaingiwa na hofu ya kumpoteza. Zamani, walipokuwa wakikaa Tanga, walizoea kupanda gari la moshi mwisho wa wiki kwenda Moshi kwa shangazi yake, na raha hiyo ndiyo aliyoitaja kila siku. Akibembelezwa atoke, jawabu lilikuwa moja: "Niletee gari la moshi, ntatoka." Na huku kwetu hapana reli hata shubiri moja.

Asubuhi moja mumewe akaingia ndani akamwambia, "Bibi, vaa buibui. Gari la moshi liko nje." Nje palisimama lori kuukuu la abiria wa mji wa Sib, boneti wazi, rejeta inafuka. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nimekaa juu ya magunia ya mchele. Bibi akachungulia.

"Hili gari bovu," akasema.

"Moshi huuoni?"

"Nnauona."

"Basi. Ulitaka gari la moshi. Reli hukuitaja."

Akacheka. Ukuta wa chumba changu unapakana na wao, na kicheko kile sikuwahi kukisikia. Akapanda.

Tulipofika Ruwi lori likachemka, tukasimama. Mumewe akainuka akatangaza kama mtu wa stesheni, "Muheza!" Mkewe akamuuliza, "Kama Muheza, machungwa yako wapi?" Lilipochemka tena karibu na kijiji cha Ghala, akatangaza Korogwe. Hapo mama mmoja wa Sib, abiria mwenzetu, akauliza kwa Kiarabu Korogwe ni kijiji cha nani, maana yeye kapita hapa tangu utoto na hajakisikia. Mume akafumba mdomo makusudi. Bibi ikambidi aeleze mwenyewe, kwa Kiarabu cha kuungaunga, stesheni kwa stesheni, na machungwa yanavyouzwa madirishani, mpaka rejeta ikapoa. Yule mama akafungua kitambaa chake, akampa ndimu mbili. "Muheza," akasema. Usiku ule tulilala kwake Sib sisi watatu, na bibi alikula wali akaongeza.

Sisi tuliohamia huku tuna desturi ya kumwambia mwenzetu, "Sahau, kwenu sasa ni hapa." Tunadhani tunamsaidia. Marehemu hakumwambia mkewe hivyo hata siku moja, na baada ya safari ile bibi alikuwa akitoka mwenyewe, Matrah na Sib, bila ya kuitwa.

Sasa yumo ndani tena, kwa sababu ya eda. Jana nilikwenda kumpa pole nikaishia mlangoni, kwani viatu vya wanawake vilijaa hata pa kuweka mguu sikupaona, na ndani Kiarabu na Kiswahili vilikuwa vikisemwa pamoja. Nimejifunza kwamba anayelilia kwao haambiwi asahau. Mpakie pamoja na kwao. Atashuka mwenyewe penye watu.