Moyo Wangu Ulipotetemesha Kanisa

Afadhali niseme mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia. Tangu volkano ya hapa kwetu ilipuke, kifua kilikuwa kinanitetemeka kila nikilala. Nikajua tu ni moyo. Hospitali sikwenda, maana naogopa munganga, daktari, kuliko ugonjwa. Nikafunga na kuomba siku tatu.

Jumapili, kanisani kwetu mtaa wa Majengo, nikamweleza pasta habari za moyo wangu, akaniwekea mkono kichwani. Mara nikatetemeka kuanzia miguuni. Nikafumba macho, nikapiga kelele: "Ni huu ugonjwa! Yesu, uutoe!"

Mkono wa pasta ukaondoka. Nikadhani amemwachia Yesu kazi, nikazidisha kelele. Lakini mbona hakuna anayesema amina?

Kufumbua macho, viti vitupu. Kanisa zima liko nje, pasta mbele yao, ananiita:

"Papa, toka! Ni udongo inatetemeka, haiko moyo yako!"