Pale Msichana Anapofunga Mdomo

Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, damu hunichemka.

Niliolewa Morogoro na mkimbizi wa siasa, na nchi yake ilipofunguka, ubaguzi wa rangi ulipokwisha, nikamfuata Johannesburg. Alipofariki tukabaki watatu: mimi, mama yake, na binti yangu, ambaye husikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Mama mkwe, ambaye nilimwita Mama, alipenda kutusimulia habari za filamu moja. Ilikuwa mojawapo ya zile za roki za mwanzo mwanzo, ambazo hadithi ni kisingizio tu: kijana kampenda msichana, na kila baada ya dakika tano mtu anashika gitaa. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa Mama. Aliuimba studio, kisha kwenye picha wakamweka msichana mwembamba, asiyejua kuimba hata kidogo, awe anachezesha midomo. Jina la Mama halikuandikwa popote.

"Mtazameni mwishoni," alikuwa akisema. "Atafunga mdomo, na mimi bado naimba."

Binti yangu alimpenda bibi yake, ila hili hakuliamini. Alidhani ni maneno ya wazee, na Mama alijua. Hilo lilimuuma kuliko jina lake kutoandikwa.

Miaka miwili baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huku, filamu ikasafishwa picha na sauti, ikaonyeshwa Sandton, mtaa wa matajiri, Jumamosi mchana. Mama akavaa gauni lake la kanisani, tukapanda treni ya kasi pale stesheni ya Park. Ukumbini watu wameshika glasi za mvinyo, na mtaalamu mmoja kijana wa filamu anatueleza, sisi, jinsi watu wa enzi zile walivyokuwa na furaha. Furaha! Mama hakuweza kufika hata hiyo studio bila pasi mkononi, kile kibali ambacho mtu mweusi alilazimishwa kutembea nacho.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, Mama akaufuatisha, chini chini. Mhudumu akaja na tochi yake, akainama.

"Bibi, tafadhali. Watu wanataka kusikia wimbo."

Nilitaka kumzaba kofi. Mama akanishika mkono. Kwenye skrini msichana akafunga mdomo, akatabasamu, na sauti ikaendelea, ndefu, wala haina haraka. Ukumbi mzima ukacheka.

Binti yangu hakucheka. Alikuwa anamtazama bibi yake.

Taa zilipowashwa nikasimama nikasema mwimbaji ni huyu hapa. Mtaalamu akatabasamu kama anayembembeleza mtoto.

"Wazee wengi hutuambia hivyo," akasema. "Na pale mwishoni, samahanini, ni hitilafu ya sauti tu. Tutairekebisha."

"Si hitilafu," Mama akasema kutoka kitini. "Waliniambia nikate pale. Nilikataa."

Mtaalamu akamshukuru, akaomba swali linalofuata. Na kweli wakairekebisha, watu wasio na haya!

DVD ilipotoka, miaka miwili baadaye, binti yangu aliinunua mwenyewe. Masikio ya Mama yalikuwa yamekwisha. Tukimsemesha, tunapiga kelele. Tukakaa naye mbele ya runinga. Msichana akafunga mdomo, na wimbo ukakatika hapo hapo. Chumba kimya.

Mama akapiga makofi, akacheka kwa raha. "Mmeona? Si niliwaambia? Bado naimba?"

Binti yangu akamwinamia sikioni na kumpigia kelele kwamba ndiyo, bado anaimba.