Hana Wito

Kabla sijaiona seminari, nilisikia majembe yakigonga mawe. Nilikuwa napanda kilima kutoka Nyegezi, cheti cha ualimu kwenye mkoba, na mlio ule ulinipokea kabla ya mtu yeyote. Ndani ya geti wavulana walikuwa wakisawazisha uwanja. Aliyewatangulia, kanzu ameifunga kiunoni, alikuwa gombera, yaani mkuu wa seminari ndogo, sekondari ya wavulana wanaofikiria upadri. Alinipa jembe kabla hajaniuliza jina.

Sikumpenda. Alikuwa mkali hata kwa masista wa jikoni. Lakini alipomfukuza mvulana alimweka mbele yake akamtajia kosa: umeiba, umepigana, umetoroka. Mzazi naye aliambiwa hivyo hivyo.

Nilifundisha hesabu chini yake, kisha chini ya gombera wa pili, aliyenikabidhi taaluma. Wa tatu ndiye aliyenifundisha hasira.

Kila mwisho wa mwaka baraza la walezi, mapadri na sisi walimu wachache, lilimjadili kila mvulana: abaki au aende. Neno la kumwondoa lilikuwa "hana wito", maana yake Mungu hajamwita kwenye upadri. Gombera wa tatu alilifanya neno hilo fagio. Alitaka tuwe wa kwanza mkoani, na kila aliyeyumba kwenye mitihani ya kidato cha tatu alionekana ghafla hana wito, asije akatushusha kwenye mtihani wa taifa.

Tulipofika kwenye jina la Deo, wa kidato cha tatu, nilinyoosha mkono. "Padri, huyu ndiye wa kwanza kanisani kila asubuhi. Wito umempotea kwenye hesabu?"

"Mwalimu, wewe una mke na watoto sita. Wito unaujulia wapi?"

Walicheka. Padri mmoja alicheka mpaka akakohoa.

"Hata ndoa ni wito, Padri. Ninyi wenyewe mnatuhubiria."

"Basi nenda kaulee nyumbani. Anayefuata."

Sasa nimestaafu, naishi Buswelu, na walimu vijana huja kuniuliza uongozi unataka nini. Wanatarajia niwaambie habari za ratiba na nidhamu. Nawaambia kwamba kiongozi anayejificha nyuma ya Mungu ni mwoga, na mwoga hafai kukabidhiwa watoto wa watu. Hasira hii sijaiungama. Sioni dhambi yake.

Kisha nawasimulia siku baba yake Deo, fundi wa injini za mitumbwi kule Pasiansi, alipokuja kumchukua. Nilikuwemo ofisini kwa gombera. Deo alisimama kando yake na sanduku la bati.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu kiti, mzee."

Hakukaa. "Padri, tumemkosea nini Mungu, sisi?"

"Si kosa. Ni wito tu. Mungu huchagua."

Nikashindwa kunyamaza. "Baba Deo, mwanao ameanguka hesabu na fizikia. Wanaogopa atawaharibia matokeo. Mungu hakuwemo kwenye kikao kile. Mimi nilikuwemo."

"Mwalimu, toka nje," gombera alisema.

Sikutoka.

Baba Deo alinitazama, kisha akamgeukia padri.

"Mama yake hajala tangu juzi," alisema. "Analia kwamba Mungu amemkataa mtoto. Kumbe ni nyie."

Akamgusa Deo begani. "Beba sanduku, baba. Twende tukamwambie ale."

Walipotoka aliuvuta mlango nyuma yake, taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.