Uso wa Nyanya Uliokuwa wa Kijani

Juzi nilipita Kapkatet, rafiki yangu, nikaingia dukani kununua misumari. Mwenye duka alikuwa akifungua mkebe wa rangi ya mafuta, na harufu ile ikanirudisha kwenye Jumamosi za miaka ya tisini, nilipokuwa kidato cha pili.

Mwalimu wetu wa sanaa alitugawia mabaki ya rangi zake za mafuta, tubu zilizokunjwa mpaka shingoni. Turubai hatukuwa nayo. Tulichora juu ya mbao nyembamba za masanduku ya majani chai, na brashi tuliziosha kwa mafuta ya taa. Zoezi lake lilikuwa moja: kutia rangi chumvi. Si kubuni rangi, la. Unatafuta rangi ndogo iliyojificha usoni mwa mtu, kisha unaiongeza mpaka hata mpita njia aione. Tulipolalamika kwamba uso ni kahawia tu, alimimina mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, kwenye kikombe cheupe.

"Maziwa ni nyeupe, si ndiyo?"

Tukatazama. Kando ya weupe wa kikombe, yalikuwa na usamawati kama wingu la mvua.

"Basi paka samawati kabisa. Usiogope."

Nilimchagua nyanya. Hakuwa na picha yoyote ila ile ya kipande, kitambulisho chake, na Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa wangekuja kwetu kwa maombi. Alitaka wamkute ukutani. Akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaketi mlangoni pa jiko akichambua maharagwe, yakidondoka moja moja kwenye sufuria. Ukitaka kujaribu zoezi hili, mketishe mtu mahali kama pale. Nje, chai ilishuka mpaka langoni, na mwanga uliotoka kwenye majani ulimpanda chini ya kidevu ukiwa na ukijani. Upande wa ndani, moto ulimtia shavuni rangi ya chungwa. Ni vitu vidogo, lakini vipo. Mimi nilivitia chumvi bila kupima.

Jirani yetu, mama aliyehamia kutoka upande wa Kisii, akaja kuchukua maziwa. Alichungulia juu ya bega langu, akacheka mpaka akaweka chupa chini.

"Kogo!" aliita, kama sisi tunavyowaita nyanya zetu. "Kuja uone. Mjukuu amekufanya kabichi!"

Nyanya akaja, akainama, pua yake karibu iguse rangi mbichi. Hakucheka.

"Hii ni mtu mgonjwa," alisema. "Hao wamama wataanza kuniombea."

"Si waombe tu! Kabichi na ugali iko na shida gani?"

"Nyamaza, wewe." Kisha akanigeukia. "Nifanye vile niko, mtoto wangu."

Nikachanganya rangi zote zikawa kahawia, nikamfunika. Jumapili akina mama walisifu sana, hasa kitambaa. Nyanya alitembea nyumbani siku hiyo kama bibi arusi.

Nilipomweleza mwalimu, hakunigombeza. Aliuliza tu nyanya alikuwa amesimama wapi alipoitazama picha. Karibu, nikasema. Akaegemeza mchoro wake mwenyewe ukutani, akanirudisha nyuma hatua kumi, na nyekundu na samawati zilizokuwa zikigombana zikatulia, zikawa ngozi.

"Ungempeleka kwanza mpaka kwa zizi, halafu ndio aangalie," alisema. "Si kitu. Mchore tena."

Nilimwomba nyanya mara mbili. Mara zote alijibu, "Ya nini? Si niko na moja?"

Jiko lile halipo sasa, na chai ya langoni iling'olewa, pakapandwa nyasi za ng'ombe. Nyanya pia tulishamzika. Picha ya kahawia ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza, na watu walisema inafanana naye. Kijani kile naweza kukichanganya hata leo. Nisichokumbuka ni mahali kilipoishia usoni mwake, na moto ulipoanzia.