Sanduku la Ndoana Kinyinya

Baba alikuja kuishi kwangu Kinyinya na begi moja la nguo na sanduku moja la ndoana. Begi nililifua siku ileile. Sanduku sikuruhusiwa kuligusa.

Utotoni sikumjua baba. Yeye ni mtu wa Tanga, mama alikuwa wa hapa Kigali, na mimi nililelewa na mama. Baba alikuwa akija mara moja kwa miaka kadhaa, anatuletea khanga na halua, kisha anarudi zake baharini. Alifanya kazi kwenye boti za wageni wanaokwenda kutafuta samaki wakubwa. Wageni wakikaa kwenye viti wakinywa bia, yeye ndiye aliyechagua mishipi na ndoana. Mama alipokuwa ameshafariki, kiharusi kikampiga baba upande wa kulia, mkono ukafa, na ulimi ukawa mzito. Shangazi akanipigia simu: "Ni baba yako, mchukue, mimi nimezeeka." Nikamchukua. Husemwa kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu ulikuwa wangu, na usufi haukuwamo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za wahudumu wa hoteli za Kimihurura, na wateja hawa hawana subira. Nilikuwa naamka alfajiri, namwosha baba, namvalisha, namlisha uji, namweka kwenye kiti kando ya meza yangu ya kukatia. Hapo ndipo kazi yake inapoanza. Anafungua sanduku kwa mkono wa kushoto na kumwaga kila kitu juu ya kitambaa changu. Wee! Mara ngapi nimechomoa ndoana kwenye suruali ya mtu!

Lakini nilijifunza, nitake nisitake. Miaka mitatu ukikaa na mtu mmoja meza moja, utajifunza. Nguru ana meno, anakata, kwa hiyo ndoana yake ifungwe kwa waya. Jodari hana haja ya meno ila ana macho, akiuona waya anageuka, basi huyo mpe nailoni nene isiyo na rangi. Nduaro ana ule mdomo mrefu unaokwaruza, nailoni yake iwe nene zaidi, urefu wa mtu na nusu. Chambo cha bandia chenye mikia kama ya ngisi, cheusi na cha zambarau ni cha asubuhi yenye mawingu, cha buluu na cheupe ni cha jua likishapanda. Yote haya aliyasema neno mojamoja, anakwama, anaanza tena. Mwaka wa kwanza nilikuwa nangoja neno limalizike. Mwaka wa tatu nilikuwa nayamalizia mwenyewe ili tuendelee na maisha. Hata Kiswahili hiki ninachoandika ni chake, maana changu cha Kigali alikuwa akikisahihisha kwa kugonga meza. Nikisema "watu iko mingi," anagonga. Nilimwona msumbufu, jamani, acha niseme kweli.

Kisha lilikuja neno moja lililotushinda. Alianza nalo wakati wa mvua za masika. Anatazama nje, mafundi wanajenga ghorofa ng'ambo ya barabara, anapiga meza: "Kuramba... kuramba..." Anakwama hapo.

Sisi wa Kigali r na l tunazichanganya, kila mtu anajua na kila mtu anatucheka. Nikafikiri, basi, mzee anataka kulamba kitu. Nikamletea asali kwenye kijiko. Akailamba, akanitazama kwa masikitiko, akasema, "Kuramba..." Nikamletea ndimu na chumvi. Akavisukuma vikaanguka sakafuni, nami nikapiga magoti kufuta, nikiwa na suruali kumi na mbili za kupeleka kabla ya adhuhuri.

Nilipokuwa pale chini na kitambaa mkononi, nikaelewa. Kwa Kinyarwanda mtu aliyechoshwa na jambo mpaka hana hamu nalo husema ndarambiwe, na hapa mjini hata kwa Kiswahili tunasema nimerambirwa. Baba alikuwa akisema amerambirwa. Amechoka na sisi, na nyumba yangu, na uji wangu. Miaka mitatu namfulia na kumwosha, kumbe nimemchosha! Niliumia, nikakasirika, na chini kabisa ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitazama.

Jioni nikampigia shangazi. Nikamwambia mzee anataka kwao, amesema mwenyewe. Shangazi akaguna, akakubali. Kulikuwa na mteja wangu, mama mmoja wa Tanga anayeleta khanga na madera kuuza hapa, alikuwa anarudi kwa basi Ijumaa. Nikamwomba amsindikize. Tiketi nikaikata kesho yake, haraka, kama mtu anayeogopa ataamka na mawazo mengine.

Jumatano yule mama akaja nyumbani kumwona mzee atakayesafiri naye. "Shikamoo, mzee wangu!" Baba akachangamka kusikia lafudhi ya kwao. Akapiga meza. "Kuramba... kuramba..."

"Anakwambia amerambirwa," nikamtafsiria. "Ametuchoka."

Yule mama akaangalia ndoana, akaangalia chambo kile cha buluu, akaangua kicheko. "Dada, we! Mzee anataka kurambaza!"

"Ndiyo hivyo, kurambirwa."

"Siyo kurambirwa, kurambaza! Kutupa mshipi nyuma ya chombo, chombo kinakwenda, unaukokota mpaka samaki ashike. Si ndiyo kazi yake hii?"

Baba akafumba macho na kutikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka, na machozi yalikuwa yanatoka pande zote mbili. Neno lile moja, miezi miwili.

Mgeni alipoondoka nikakaa mbele yake. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nilifikiri umetuchoka. Nimekukatia tiketi ya Ijumaa. Nitairudisha."

Baba akainua mkono wa kushoto, akaninyooshea kidole, bila ukali wowote.

"Mimi... sijachoka. Wewe. Wewe umechoka."

Nilifungua mdomo nikane. Mtoto mwenye adabu angekana. Ningeapa kwa Mungu, ningesema baba, maneno gani hayo. Lakini neno lile la uchovu hakulisema yeye hata siku moja. Mimi ndiye niliyelisikia, kwa sababu lilikuwa tayari limo ndani yangu, nikamtwika yeye. Nililia kwa sauti mbele yake, kama ambavyo sikulia hata kwenye mazishi ya mama.

Alinisubiri nimalize. "Ijumaa," akasema.

"Baba, si lazima."

"Ijumaa." Kisha akavuta sanduku na kuanza kuchagua. Alitenga waya na ndoana tatu. "Nguru," akasema. Alitenga nailoni nene na chambo cha zambarau. "Nduaro." Alichagua kwa makini, kama kwamba boti inamngoja na wageni wameshapanda, na kila alichokitenga alinipa nikifunge kwenye gazeti. Sote wawili tulijua kwamba mkono ule wa kulia hautashika mshipi tena. Alikuwa ananitengenezea safari ya mvuvi, ili nisiwe nimemfukuza mzee.

Nami nikazifunga ndoana zake moja moja, na sikumwambia abaki.