Kupima Chenga na Binti wa Baba Mdogo

Nilimwonea wivu binti wa baba yangu mdogo tangu wiki aliyokuja kutoka Bagamoyo kukaa nasi mtaa wa Gerezani. Shangazi, aliyenilea na kunifundisha biashara yake ya mchele Kariakoo, alimsifia kila kitu: mwendo, upishi, hata anavyojifunga kanga. Mimi alishanizoea.

Siku moja, katika miaka ya hamsini, lori lilishusha magunia ya mchele stoo kwetu. Kabla ya kupatana bei, Shangazi alitaka kujua chenga, zile punje zilizovunjika, ni kiasi gani. Akatupa kila mmoja bambo, kile chuma chenye ncha kinachochoma gunia na kutoka na mchele kidogo.

"Kila mtu aniambie lake," alisema.

Mzigo uliopita ulikuwa mbovu, kwa hiyo nilianza nikiamini na huu ni mbovu. Mwenzangu aliamini ni mzuri. Yeye kila kitu kwake kizuri. Nikasimama mlangoni, nikachoma magunia ya hapo, nikamwaga kiganjani, nikatenga chenga. Mara ya kwanza zilijaa, ya pili chache, nikababaika. Nilipozidi kuchoma, makisio yakatulia: karibu nusu. Moyo ukafurahi.

"Nimemaliza, Shangazi. Ni nusu. Jibu halisogei tena."

Mwenzangu, aliyekuwa akichoma magunia ya kule ukutani, naye alikuwa ametulia kwenye lake: chenga kidogo tu. Nikamcheka. Akanitazama bila hasira.

"Halisogei kwa sababu wewe husogei, dada. Na langu vilevile. Tubadilishane pande."

Shangazi akakubali. Kule ukutani, viganja vya mwanzo vilitoka visafi, nikajiambia ni bahati tu. Vikafuata vingine visafi, nami nikaanza kulegea, shingo upande. Mlangoni, yeye naye alikuwa anapunguza sifa alizoupa mchele. Tukazunguka stoo nzima hadi tukajikuta tunasema neno moja: kama robo, ikizidi au ikipungua kidogo.

"Sasa nawaamini," Shangazi akasema, akaenda kupatana. Baadaye, tulipoupepeta ule mchele, chenga zilikuwa karibu na hapohapo.

Majirani wakaambiwa binti wa Bagamoyo ana akili ya biashara. "Tulikuwa wawili," yeye akawajibu. Hapo ndipo nilipomchukia zaidi, maana hata kosa la kumshikia hakuniachia. Tangu hapo Shangazi akamketisha mbele ya duka kupokea wateja. Mimi nikabaki stoo, nikishona magunia na kumsikiliza akicheka nao.