Nilivyohama College na Average ya C, Mjomba na Jogoo Wakinisindikiza

Wakuu, nawasalimu popote mlipo, walio kazini na wanaojifanya wako kazini.

Kuna dada aliuliza kwenye uzi mwingine kama mtu anaweza kuhama college akiwa na average ya C. Wengi wakamwambia asahau. Mmoja akamwambia aombe Mungu tu.

Mimi nilihama. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi, na pale nitakapoonekana mjinga, jueni kweli nilikuwa mjinga.

Nyumbani kwetu ni Iguhu, Kakamega. Nilikuwa nasoma diploma ya afya ya mifugo katika college moja huko Ukambani, mbali kabisa na nyumbani. Average yangu ilikuwa C. Si ile C ya kupanda na kushuka. Yangu ilikuwa imetulia. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipongeza na hakuna aliyewahi kuniita ofisini kunionya. Nafikiri wengine hawakujua kama niko.

Sasa, nina mtoto. Anaitwa Imali. Nilimwacha na mama yangu akiwa bado ananyonya, maana nafasi ya college ilipatikana wakati huo na mama akasema niende, yeye atalea.

Likizo nyingi nilikosa nauli. Moja nilifika nyumbani nikamkuta Imali anatembea, anaongea, anafukuza kuku uani. Nikachuchumaa nikafungua mikono. Akajificha nyuma ya mama yangu, akachungulia, akanisalimia vizuri kabisa.

"Shikamoo anti."

Mama akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Siku hiyo niliamua kwamba nitatafuta college karibu na nyumbani, C au bila C.

Nikapiga simu college moja ya hapa Kakamega mjini. Mama aliyepokea alikuwa mpole. Akaniambia wanaohamia wanatakiwa wawe na B, "ikiwezekana." Wakuu, nilishika hilo neno "ikiwezekana" kama mtu anayezama anavyoshika kamba.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama mbele ya ndugu yake.

Mjomba Lihanda anaishi upande wa Kabras, analima miwa. Ni mtu mzuri sana, ila hakuna jambo chini ya jua ambalo yeye hana mtu wa kulishughulikia. Ukiumwa, ana mtu hospitali. Ng'ombe akipotea, ana mtu kwa chifu.

"Hiyo college niko na mtu pale," akasema. "Wewe vaa nguo safi tu. Mengine niachie."

Asubuhi ya kwenda akaja amevaa koti la harusi yake mwenyewe na kubeba katoni imefungwa kwa kamba ya katani. Katoni ikawika.

Mama akamuuliza hiyo ni nini.

"Salamu," mjomba akajibu.

"Lihanda, peleka mtoto. Wacha kuku hapa."

"Dada, wewe hujui ofisi."

Tukaenda na jogoo.

Getini mjomba akamuulizia mtu wake. Askari akafikiria kidogo, akasema huyo mzee aliondoka zamani, alipelekwa college nyingine.

Kwa hiyo hata mtu wetu alikuwa amepata transfer.

Mjomba hakutetereka. Tukaingia mpaka kwenye benchi nje ya ofisi ya HOD, yaani mkuu wa idara. Pale alikuwa ameketi mzee mmoja wa suti ya kijivu, tumbo la heshima, viatu vinang'aa. Mjomba akanikonyeza. Akaenda akamsalimia kwa mikono miwili akiwa ameinama.

"Mheshimiwa, tumekuja kwako. Huyu ni mtoto wa dada yangu."

Akamweleza kila kitu. Mtoto, umbali, mama yangu na magoti yake yanayouma. Mzee alisikiliza kwa makini sana, anaitikia kwa kichwa. Akauliza average yangu ni ngapi. Nikamwambia C. Akashusha pumzi ndefu.

"C ni ngumu," akasema.

"Tunajua, mheshimiwa. Ndiyo maana hatukuja mikono mitupu." Mjomba akasukuma katoni kwa mguu kuelekea vile viatu vinavyong'aa.

Hapo karani akatoa kichwa mlangoni. "Mzazi wa yule kijana anayetaka kuhamia kwetu, bado tunakutafutia faili. Ngoja kidogo. Huyu msichana aingie."

Mzee wa suti akamwangalia mjomba kwa huruma.

"Ndugu yangu, mimi kijana wangu ana D. Nilidhani nyinyi ndio mmetumwa kunisaidia."

Nikaingia ofisini nikijizuia kucheka. Mjomba akanifuata na katoni yake.

Madam HOD ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya chini. Kabla hatujaketi, mjomba akaanza.

"Madam, huyu msichana anaongozanga."

"Anaongoza wapi?"

Mjomba akarekebisha koti. "Nyumbani."

Katoni ikawika. Madam akaiangalia, akamwangalia mjomba.

"Mzee, mimi sipokei salamu zenye manyoya. Tafadhali toka nayo. Utuache na msichana tuongee."

Mjomba akatoka kwa adabu zote. Mlango ulipofungwa tukasikia kamba ikikatika, kisha kelele.

Mimi nilikuwa nimekariri hotuba kwa Kizungu kuhusu mazingira bora ya kusomea. Nikaanza kuitoa. Madam akanisikiliza mpaka katikati.

"Hayo umeyatoa kwa mtandao," akasema. "Niambie kwa nini unataka kuhama."

Nikamwambia kwamba mtoto wangu ananiita anti.

Dirishani nyuma yake jogoo akapita anakimbia. Baada yake mjomba, koti la harusi likipepea. Baada ya mjomba, mzee wa suti.

Madam akageuka akatazama. "Huyo wa koti ni babako?"

"Ni mjomba."

"Ana mbio."

Akarudi kwa transcript yangu. "Hii ni sababu yako ya kuhama, na nimeielewa. Lakini nikiangalia hapa naona C, C, C. Umekuwa mwaminifu kwa hii C. Mimi niwaambie nini wenzangu?"

Wakuu, hapa ndipo nilikuwa nimepanga kulaumu walimu. Sijui ni nini kilinizuia. Nikamwambia kwamba naelewa kazi nikiishika kwa mikono, ila mtihani ukija nusu ya ninayoyajua haitoki.

Akaanza kuniuliza maswali. Ndama amevimba tumbo upande wa kushoto, utafanya nini. Kuku wanakufa mmoja mmoja na shingo zimepinda, utafikiria nini, utamwambia nini mwenye kuku. Niliyoyajua nikajibu. Mawili sikuyajua kabisa, nikasema sijui, ningempigia mkubwa wangu. Akaandika kitu. Sikuweza kusoma uso wake.

"Kanuni inaniruhusu kuchukua mtu wa C kama nafasi ipo," akasema mwishowe. "Lakini masomo yetu na ya kule hayalingani yote. Utarudi nyuma mwaka mzima, usome na watoto waliotoka sekondari juzi. Na ukishuka chini ya C, sitakutetea. Nenda ufikirie."

"Nimefikiria, madam."

"Hujafikiria hata kidogo."

"Nimekubali hivyo hivyo."

Ndipo akatabasamu mara ya kwanza. Akasema nitapigiwa simu.

Nje nilimkuta mzee wa suti amemkumbatia jogoo kwapani kama mtu aliyefuga maisha yake yote, suti imejaa vumbi. Mjomba yuko kwenye benchi anatafuta pumzi. Mzee akanikabidhi jogoo, akaniomba nimkumbuke kijana wake kwenye maombi. Mpaka leo namkumbuka.

Simu ilikuja nikiwa nafua. Nafasi ipo. Nilikaa chini kwenye majani na sabuni mikononi, nikalia kama mtu aliyefiwa, mpaka jirani akaja mbio kuuliza ni nani amekufa. Jumapili yake mama alimchinja yule jogoo, tukamla na obusuma, yaani ugali wetu, na mjomba akapewa firigisi kama mgeni wa heshima.

Sasa msidhani yaliyofuata yalikuwa matamu. Kusoma na watoto wanaokuita "mathe", yaani mama, ni kazi. Na Imali kwa wiki za kwanza alikuwa anamuuliza mama yangu anti anarudi lini kwao.

Halafu jioni moja alikanyaga siafu karibu na choo. Akaja mbio analia "mama, mama." Mimi na mama yangu tukaitika kwa pamoja, tukainuka kwa pamoja. Mama akaketi tena, akajifanya anachagua mboga. Nikamtoa mtoto siafu mmoja baada ya mwingine, naye amenishika shingo.

Nilichojifunza, dada wa uzi ule na wengine: "ikiwezekana" si hapana. Nenda mwenyewe, keti mbele ya mtu, sema ukweli wa kwa nini unahama na ukweli wa alama zako. Uwe tayari kurudi nyuma, maana hapo ndipo wengi huchomoa. Mjomba mpe kazi nyingine siku hiyo.

Waliowahi kuhama wakiwa na alama za kawaida kama zangu, tupeni mlivyofanya. Anayejua pia kama diploma ya C inaweza kunifikisha digrii, aniambie polepole. Wa kunicheka wacheke leo, kesho nina mtihani wa minyoo na nataka kulala na amani.